Kuchagua chuma cha gitaa la mapajani: jibu langu refu kutoka gereji za Unga Ltd

Ukicharaza gitaa la mapajani hapa Arusha, swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini umelilaza. La pili, likitoka kwa mtu anayejua magitaa, ni hili: hicho chuma ulichoshika umekipata wapi? La kwanza nalijibu kwa kucheka. La pili huwa nalijibu nusunusu, maana linakuja watu wakiwa wanakunja waya baada ya ibada, spika ziko mlangoni na dereva wa Kirikuu anapiga honi. Leo nalijibu lote.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, gitaa hili linalala chali mapajani, na nyuzi zimeinuliwa juu kiasi kwamba kidole hakiwezi kuzibana hadi kwenye ubao. Mkono wa kulia unacharaza. Wa kushoto umeshika kipande cha chuma kinachokaa juu ya nyuzi na kuteleza, na pale kinapogusa ndipo nota inapotokea. Mistari ya freti, ile inayokatiza shingo ya gitaa, ni alama za macho tu, haina kazi nyingine. Kwa hiyo chuma hicho ndicho kidole chako na ndiyo freti yako, na kasoro yake yoyote, iwe mkwaruzo, wepesi au kupinda kwa unene wa unywele, utaisikia kwenye spika.

Chombo hiki asili yake ni Hawaii. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874. Inasimuliwa kwamba akiwa bado mwanafunzi alijaribu kupitisha kitana na kisu cha mfukoni juu ya nyuzi, halafu akajitengenezea chuma katika karakana ya shule. Mwaka 1904 aliondoka visiwani kwenda Marekani bara na kuupiga muziki huo kwenye majukwaa ya huko. Napenda kuwatajia vijana habari hii kwa sababu wengi wanaamini chuma lazima kiagizwe mtandaoni, kije kwenye boksi lenye jina. Mwenzetu aliyeanza alikwenda karakana. Na wale wanaoniambia kwamba huu ni muziki wa kantri wa wazungu nawaelekeza kwa King Sunny Adé wa Nigeria. Sikiliza rekodi zake za mwanzoni mwa miaka ya 1980 usikie gitaa la stili, yaani la kutelezeshwa chuma kama hili, likilia katikati ya ngoma za Kiyoruba bila ugeni wowote.

Langu ni ubao wa mninga. Seremala wa Ngarenaro alilichonga, nikafunga pikapu, kile kifaa kinachonasa mlio wa nyuzi, iliyotoka kwenye gitaa bovu la umeme. Urefu wa nyuzi kutoka daraja la kichwani hadi daraja la mkiani ni sentimita 57, nyuzi zenyewe sita. Nimelityuni kwa mpangilio wa C6, yaani ukihesabu kuanzia uzi mwembamba ulio mbali na tumbo langu ni E, C, A, G, E, C. Nayasema haya mapema kwa sababu chuma huchaguliwa kwa kuangalia gitaa lililopo. Yule mwenye gitaa la nyuzi kumi lenye miguu na kanyagio anashika chuma cha milimita 24 kwa 86 hivi, na yuko sahihi kabisa. Kwangu chuma hicho ni mzigo.

Nianze na uzito, kwa kuwa hapo ndipo penye mambo, na ndipo watu wanapopapita haraka wakikimbilia kuuliza kama ni shaba au kromu.

Chuma kikiwa chepesi, mkono unalazimika kukikandamiza ili nyuzi zisitatarike. Ukikandamiza, uzi unajikunja chini yake na sauti inapanda juu ya nota uliyoitaka. Tena hazipandi sawasawa, maana uzi mnene na uzi mwembamba haziitikii mkandamizo kwa kipimo kimoja, kwa hiyo kodi nzima, yaani nota zinazolia pamoja, inaachana. Mkono nao unakaza, na mkono uliokaza hauwezi kutetemesha sauti kwa ulaini. Chuma kizito kinakaa chenyewe. Kinazilalia nyuzi kwa uzito wake, mlio unadumu, na mkono unabaki na kazi moja tu ya kukiongoza.

Chuma changu cha mwanzo kilikuwa soketi ya plagi, ile ndefu ya kufungulia plagi za gari, kwa sababu ilikuwepo nyumbani. Soketi inalia, sikatai. Ina kromu nzuri na inapendeza mkononi. Lakini iangalie kwa karibu. Katikati ina ngazi, upande mmoja mnene kuliko mwingine, kwa hiyo haizigusi nyuzi zote sita kwa pamoja. Ndani ina tundu, kwa hiyo uzito wake ni wa juujuu. Na urefu wake unazitosha nyuzi sita kwa shida, ukiipeleka upande kidogo tu uzi mmoja unabaki nje unapiga kelele zake. Kwa mtu anayetaka kuonja tu kama gitaa hili linamfaa, soketi inatosha. Kwa mtu wa kupiga kila Jumapili, hapana. Vichupa vya kioo vinavyovaliwa kidoleni ni vya wale wanaoshika gitaa kawaida, wima. Ukiviweka juu ya nyuzi zilizoinuliwa vinacheza na kutatarika.

Hesabu ya uzito haihitaji kwenda shule ya ufundi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina gramu 7.85 hivi. Kipande cha duara kisicho na tundu, unene wa milimita 19 na urefu wa milimita 75, kinakuja kama gramu 167. Ukipanda hadi milimita 22 kwa 80 unafika karibu gramu 240. Kipande cha ukubwa huohuo kwa kioo hakifiki gramu 80, na cha alumini kinazidi 80 kidogo tu. Tazama tofauti hiyo: milimita tatu za unene na tano za urefu zinakuongezea gramu sabini na kitu. Mkononi ni tofauti ya kusikika mara moja. Kwangu mimi, kwa nyuzi sita, starehe iko kati ya gramu 200 na 240. Chini ya 150 najikuta nakandamiza bila kutaka.

Sasa vyuma vya aina hiyo vinauzwa, na vinauzwa vizuri. Vingi vina unene wa robo tatu ya inchi, ambayo ni milimita 19, au saba ya nane, ambayo ni milimita 22 na pointi kidogo. Ukijumlisha usafirishaji na ushuru, kipande kimoja kinakula hela ya nyuzi za muda mrefu. Ndipo nikaanza kuyaangalia magari kwa jicho lingine, maana gari limejaa vipande vya chuma kigumu, cha duara, kilichosagwa kwa usahihi kikang'aa, kwa sababu bila hivyo injini na miguu yake visingedumu.

Unga Ltd, huku huku Arusha, mnaijua. Ukishuka kwenye zile gereji utapata vyuma vya kila namna vikiwa vimelowa oili kwenye madumu yaliyokatwa. Fundi niliyemwendea ni mtu mzima wa miguu ya magari, kazi yake ni shokapu, bushi na ball joint basi, injini hagusi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Gari gani?"

"Sina gari leo, mzee. Natafuta chuma cha kupigia gitaa. Cha duara, kizito, kilichonyooka."

Akanitazama, akamtazama kijana wake. "Mwanangu, hilo gitaa lako linapita barabara gani mpaka lihitaji spea?"

Lakini alinisaidia, tena kwa moyo, na tulikaa kwenye lile dumu kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa na kipande cha kioo cha dirisha kwenye begi, na kioo hicho ndicho kipimo ninachokiamini hadi leo. Kioo ni bapa. Ukilaza chuma juu yake ukatazama upande wa pili penye mwanga, pakiwa na upenyo utauona. Ukikiviringisha, kilichopinda kinadunda na kilichonyooka kinakwenda kimyakimya.

Tulianza na rola za beringi ya tairi la lori. Ukizishika ni nzuri mno: nzito, ngumu, zinang'aa. Nikaviringisha moja juu ya kioo, nayo badala ya kwenda mbele ikakata kona, ikazunguka duara hadi ikanirudia. Fundi akacheka, akaniambia hizo zimechongwa upande mmoja mwembamba kuliko mwingine makusudi, ili beringi ibebe mzigo wa kutoka juu na wa kutoka ubavuni. Kwa macho huwezi kuona. Kwa gitaa maana yake ni kwamba uzi wa kwanza utakuwa kwenye freti na uzi wa sita utakuwa umeipita. Rola zilizonyooka zipo kwenye beringi nyingine, ila nilizoziona zote zilikuwa fupi kama kifundo cha kidole.

Pini ya pistoni ilinitia tamaa zaidi. Usagaji wake ni wa hali ya juu kuliko chuma chochote nilichowahi kushika, ukipitisha ukucha hausikii kitu. Za magari madogo zina unene unaofaa kabisa, lakini ni fupi na zina tundu katikati. Za malori ni ndefu, ila unene wake unajaza kiganja. Nikaziacha kwa shingo upande. Kingpini ya gari dogo la mizigo, ile pini ambayo tairi la mbele hugeukia, hiyo nikaichukua. Haina tundu, ni ngumu, imenyooka. Ina mfuo mmoja ubavuni unaokaa ile pini ya kuifunga isizunguke. Ukiugeuzia juu, upande wa kidole, hauzigusi nyuzi, na kidole cha shahada kinapata pa kutulia. Ubaya wake ni kwamba haina kromu. Jasho likiingia, kesho yake ina madoa ya kutu.

Kisha akanyanyua shokapu ya mbele ya Toyota iliyokuwa imevuja, akaivuta fimbo yake nje. Wale mnaoendesha mmeiona: ile fimbo inayoingia na kutoka, inayong'aa kama kioo hata ikiwa gari lote limejaa vumbi. Inang'aa kwa sababu ni lazima. Ikikwaruzika, inakata sili na oili inavuja. Kwa hiyo inasagwa, inapakwa kromu ngumu, si ile nyembamba ya mapambo inayobanduka kwenye bampa. Tulipoipima kwa venia, kile kipimo cha unene cha mafundi, ikasoma milimita 22. Nyingine iliyokuwepo ilikuwa ya 20. Za nyuma ni nyembamba mno, nyingi kama penseli nene, hizo msihangaike nazo.

Hapo nilijua nimefika. Milimita 22 ndiyo ile saba ya nane ya inchi ya vyuma vya dukani, isipokuwa kwa kitu kisichoonekana.

Neno la tahadhari kwa mtakaotaka kuiga: msikate shokapu wenyewe nyumbani. Nyingi zina gesi iliyoshindiliwa pamoja na oili, na ukiingiza grainda bila kuitoa kwanza inaweza kukurukia usoni. Fundi alikuwa ameshaitoboa mahali pake, taratibu, akiwa amevaa miwani. Tena chagueni fimbo kwa kuitazama juani. Mara nyingi shokapu inayovuja imevuja kwa sababu fimbo ina kovu, kwa hiyo tafuteni sehemu iliyobaki safi. Nilihitaji sentimita nane tu, na fimbo ina zaidi ya hizo mara kadhaa. Alinikatia kipande kwa elfu tatu na soda mbili, moja yake na moja ya kijana.

Kukata ni dakika chache. Kazi iko kwenye ncha. Grainda inaacha ukingo mkali wa kromu unaoweza kukata uzi kama wembe, na ncha ya mbele inatakiwa iwe ya mviringo, kama risasi. Mkerezaji mmoja alijaribu kuichonga kwenye mashine yake, ngozi ya nje ikawa ngumu kuliko kisu chake, akanirudishia. Tulimaliza kwa kusaga kidogo kidogo kwenye jiwe huku nikiichovya kwenye maji isipate moto, kisha msasa wa 400, wa 800, wa 1200, wa 2000, na mwisho dawa ya kung'arishia rangi ya gari na kitambaa. Pale kwenye mviringo kromu imeondoka, chuma kiko wazi. Napafuta kwa mafuta ya cherehani kila nikimaliza kupiga, kisha nafuta mafuta yenyewe, maana chuma chenye mafuta kinakimbia mkononi.

Kwa nini nihangaike na mviringo wa ncha? Hili linahusu nyimbo zetu.

Kwaya nyingi huku zinaimba sauti ya kwanza na ya pili zikifuatana kwa pengo la nota mbili. Kwa solfa: do na mi, re na fa, mi na so, fa na la, so na ti. Ukitaka gitaa liimbe hivyo kwenye nyuzi mbili nyembamba za C6, ambazo ni E na C, tuseme wimbo uko F. Do na mi unazipata chuma kikiwa kimenyooka freti ya 5. Fa na la, kimenyooka freti ya 10. So na ti, freti ya 12. Hadi hapo hakuna shida. Lakini re na fa haziko kwenye freti moja: re iko freti ya 7 kwenye uzi wa C, na fa iko ya 6 kwenye uzi wa E. Mi na so vilevile, 9 na 8. Hapo chuma lazima kilale mshazari, tena mshazari wa kinyume, ncha ya mbele ikielekea kichwa cha gitaa. Mkono wa binadamu haukuumbwa kugeukia huko. Kinachofanyika ni kwamba dole gumba linakisukuma chuma kwa nyuma kuelekea mkono wa kulia, na kidole cha shahada kinashikilia mbele.

Chuma chenye mraba au chenye makali nyuma kitakuumiza dole gumba na hakitageuka kwa ulaini. Cha duara chenye mwisho uliopunguzwa makali kinazunguka chini ya vidole bila kuacha nyuzi. Vya dukani vya umbo la risasi vingi vimetobolewa kishimo nyuma cha kukaa dole gumba. Changu nilikipunguza kingo tu, kinatosha. Na jambo la mshazari linadai urefu pia. Kikilala mshazari, chuma kinafunika upana mdogo kuliko urefu wake. Wenye nyuzi sita msishuke chini ya milimita 70, na mkifika 80 mtapumua.

Kuna umbo la pili, linaloitwa Stevens, lenye mifuo pande zote mbili na mgongo wa kukaa kidole, chini likiwa na duara na ncha zimekatwa bapa. Rafiki yangu aliyetoka safari alikuja nalo akaniachia kwa muda. Mifuo ile inashikika, hata mkono ukilowa jasho hakikimbii, na zile ncha bapa zina ukingo unaogonga uzi mmoja na kuuachia haraka, jambo ambalo wapigaji wa Dobro, gitaa lenye sahani ya chuma tumboni, wa nyimbo za mbio wanalihitaji mno. Nilifurahia sana kwenye uzi mmojammoja. Nilipofika kwenye re na fa nikakwama, kwa sababu kile kinachokifanya kishikike ndicho kinachokizuia kugeuka. Mwingine atakuambia amezoea na anaupata mshazari wa kinyume kwa Stevens bila taabu, nami sitabishana naye. Mimi nacharaza nyuma ya kwaya, nyimbo za polepole, nyuzi mbili mbili. Kwa kazi hiyo nachagua risasi bila kufikiri.

Kuhusu kioo, kaure na vinginevyo sina maneno mengi. Sauti yake ni ya upole, na mtu anayecheza gitaa la mbao bila umeme anaweza kuipenda. Lakini kwenye umeme kuna jambo moja halisemwi sana. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na ethi, yaani waya wa ardhini, kupitia daraja. Ukizigusa kwa chuma ulichokishika, mwili wako nao unaunganishwa, na ule mngurumo wa amplifaya unapungua. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo ukishika kioo mngurumo unarudi kila unapoinua vidole. Kwenye jengo lenye nyaya za zamani utausikia hadi viti vya nyuma. Ila na chuma nacho kina upande wake: kama ethi ya jengo haipo au imekatika, wewe ndiye unayekuwa njia. Ukishika chuma juu ya nyuzi huku midomo iko kwenye maikrofoni unaweza kupigwa shoti ya kweli. Kabla ya kukaa nafanyia jambo hili ukaguzi, na mahali ambapo soketi ya ukutani ina matundu mawili tu yanayofanya kazi siimbi, nacharaza tu.

Baridi pia iseme neno. Juni na Julai asubuhi hapa kwetu chuma kinakuwa barafu, vidole vinakufa ganzi kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Nakiweka mfuko wa ndani wa koti njiani. Moshi hali ni nyingine, kule joto likipanda jasho ndilo tatizo, na kipande kilichokaa vizuri Arusha kinaweza kukukimbia mkononi Moshi. Kitambaa cha pamba begani, basi.

Aliyenifanya nilifikirie upya suala zima ni binti mmoja wa kwaya, alto, anayejifunza kwangu. Nilimpa chuma changu cha milimita 22 nikiamini uzito utamsaidia kama ulivyonisaidia. Kila akitelezesha, nyuma ya mlio kulikuwa na sauti nyingine ya chinichini, kama mtu anakuna.

"Mwalimu, nafanya kosa gani? Sikandamizi kabisa."

Kweli alikuwa hakandamizi. Nikainama nikatazama mkono wake kwa ubavu. Kwenye gitaa hili, kidole cha pete na cha mwisho hulala nyuma ya chuma, upande wa kichwa cha gitaa, vikizima kile kipande cha uzi kisichotakiwa kulia. Vidole vyangu vinapita juu ya chuma na kufika. Vyake vilikuwa vimening'inia hewani, havizigusi nyuzi. Kwake chuma kilikuwa kirefu kwenda juu. Uzito hakuwa na shida nao hata kidogo.

Kwa hiyo mkono mdogo unahitaji chuma chembamba, na chembamba maana yake chepesi, halafu tunarudi kule kwenye kukandamiza. Njia moja ya kutoka ni shaba njano, ambayo ni nzito kuliko chuma kwa ujazo uleule: milimita 19 kwa 80 inafika gramu 190 na kitu, wakati chuma cha pua cha vipimo hivyo kinaishia 178 hivi. Tulikerezewa kimoja. Kinalia vizuri, kwa sauti ya joto kidogo, na vidole vyake vilifika. Lakini shaba ni laini. Nyuzi nene zilizozungushiwa waya zilianza kukitia mistari, na mistari ile ukiipitisha kwenye uzi unaisikia ikikwangua. Anakisugua kwa msasa mwembamba mara kwa mara, na kila akikisugua kinapungua.

Kinachomfaa hasa ni fimbo ya shokapu ya milimita 20, sentimita nane, karibu gramu 197 na kromu ngumu juu. Ile ya kwanza niliyoiona Unga Ltd ilikuwa na kovu katikati, na kipande kizuri kilichobaki hakikutosha. Nimerudi kwa fundi. Ameniambia nisubiri, kuna Corolla ya mteja wake mmoja wa Kijenge, shokapu za mbele zinavuja zote mbili, gari linaruka kama mbuzi kwenye matuta, ila mwenye gari bado anadai ni upepo tu wa matairi.